Damu Haigandi kwa Uzito Wake

Mtu akilalamika ganzi ya mguu, kizunguzungu au kichwa kizito, haikawii kuambiwa, na jirani au na muuzaji wa duka la dawa, kwamba damu yake imekuwa nzito na inataka kuyeyushwa. Ushauri unaofuata ni uleule Karatu, Arusha na Dar es Salaam: aspirini moja kila asubuhi, kitunguu saumu kilichotwangwa, juisi ya bitiruti, na kwa mwenye fedha, chupa ya vidonge vya arginini inayodai kuongeza nitriki oksidi mwilini. Ushauri huu una chembe ya ukweli mwishoni na kosa kubwa mwanzoni. Damu inayoganda ndani ya mshipa pasipo jeraha, ile inayoleta kiharusi, shtuko la moyo au mguu kuvimba, kwa watu wengi haigandi kwa sababu ni nzito. Inaganda kwa sababu ukuta wa mshipa umeacha kuizuia. Kizuizi hicho kinategemea kwa sehemu kubwa gesi ya nitriki oksidi, ambayo mwili huitengeneza papo hapo kwa kusukumwa na mwendo wa damu yenyewe. Hainunuliki dukani. Ushahidi wa jambo hili hauko mbali nasi: uko katika wodi za malaria za Dar es Salaam, Jinja na Mbarara, na uko kwa watu wanaoishi kati ya nyanda za Ngorongoro na Ziwa Eyasi.

Tuanze na ukuta. Mishipa yote ya damu imetandikwa ndani kwa safu moja ya seli bapa ziitwazo endotheli. Kila seli ina kimeng'enya kinachochukua asidi amino ya arginini na oksijeni na kutoa nitriki oksidi. Kazi hiyo haisimami, ila kasi yake hupanda na kushuka. Damu ikipita kwa nguvu inaisugua seli, seli inahisi msuguano huo, inakibandika kimeng'enya fosfeti, na gesi inaongezeka. Gesi yenyewe huishi sekunde chache tu, na katika sekunde hizo huenda pande tatu. Ikitoka kuelekea misuli laini ya mshipa, huilegeza. Hiyo ndiyo kazi aliyoianzishia njia Robert Furchgott mwaka 1980, alipoonyesha kwamba mshipa wa sungura uliokwanguliwa endotheli haulegei tena ukitiwa asetilikolini, na mwaka 1998 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Louis Ignarro na Ferid Murad. Ikiingia kwenye mkondo wa damu, huzizuia chembe sahani zisishikamane. Njia ya tatu haisemwi sana, nami naiona ndiyo yenye uzito kwa mada hii: gesi hubaki ndani ya seli iliyoizaa na kuzitia adabu protini za kugandisha damu ambazo seli hiyo inazihifadhi au kuzitengeneza.

Maana seli ya endotheli ina ghala. Mwaka 1964 Ewald Weibel na George Palade waliona kwa darubini ya elektroni vifuko vyembamba, vyenye upana wa sehemu ndogo ya mikromita na urefu wa mikromita kadhaa, vikiwa na mistari inayokwenda kwa urefu. Baadaye ilijulikana kwamba mistari ile ni protini ya von Willebrand, yenye jina la daktari wa Finland aliyeueleza mwaka 1926 ugonjwa wa kutokwa damu katika familia za visiwa vya Åland. Protini hiyo imelazwa humo kama mishale ndani ya podo, tayari kwa matumizi. Pamoja nayo iko P-selektini, inayonasa chembe nyeupe. Seli ikishtuliwa, tuseme na thrombini au histamini, vifuko husogea ukutani, huungana na utando wa nje na kumwaga vilivyomo. Protini ya von Willebrand hutoka ikiwa nyuzi ndefu mno. Mkondo huzinyoosha, na zikinyooka hufunua sehemu zinazokamata chembe sahani. Mkono ukikatwa na panga, huo ni wokovu. Ndani ya mshipa mzima ni mwanzo wa donge.

Nini kinaamua kama vifuko vitafunguka? Mwaka 2003 kundi la Charles Lowenstein wa Johns Hopkins lilichapisha katika jarida la Cell jibu ambalo bado nalihesabu kuwa miongoni mwa majibu safi kabisa katika elimu hii. Ili kifuko kiungane na utando, seli inahitaji protini iitwayo NSF, ambayo kazi yake ni kuirudisha mitambo ya kuunganisha utando katika hali ya kufanya kazi tena. Nitriki oksidi hujibandika kwenye salfa ya sisteini zilizomo katika NSF na kuilemaza. Vifuko hubaki vimefungwa. Tazama ilivyo: gesi ileile inayolegeza mshipa, ikiwa ndani ya seli mama, imeshikilia kifuniko cha ghala. Seli isiyoizalisha ya kutosha haihitaji jeraha ili ianze kumwaga. Mshtuko mdogo unatosha.

Kuna na kazi ya polepole, inayohesabiwa kwa saa badala ya sekunde. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba nitriki oksidi hutuliza NF-kappa-B, protini inayowasha jeni za uvimbe, na kwa njia hiyo na nyinginezo hupunguza utengenezaji wa tishu fakta, kichocheo kikuu cha mfululizo mzima wa kuganda. Hupunguza pia PAI-1, protini inayouzuia mwili usiyeyushe donge lililokwisha kufanyika. Hapa lazima niwe mwangalifu, kwa kuwa wapenzi wa nitriki oksidi hupenda kuipa sifa za wenzake. Msuguano wa damu huwasha pia jeni ya KLF2, nayo huongeza kimeng'enya cha nitriki oksidi, huongeza thrombomodulini inayogeuza thrombini kuwa adui wa kuganda, na hupunguza tishu fakta na PAI-1. Kwa hiyo sehemu ya mema tunayoihesabia gesi ni mema ya mkondo mzima. Jambo hili halidhoofishi hoja yangu, bali ndiyo roho yake. Nitriki oksidi ni mmoja wa watoto wa mwendo wa damu, na anayemtaka mtoto huyo peke yake, bila mama wala ndugu zake, hupata kidogo.

Hoja hiyo ilipimwa kwa ukali hapa Afrika Mashariki kwa njia ya malaria. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwako nadharia maarufu kwamba mtoto mwenye malaria ya ubongo hupoteza fahamu kwa sababu mwili umetoa nitriki oksidi kupita kiasi. Nicholas Anstey na wenzake wakaipima kwa watoto wa Dar es Salaam, na matokeo yao ya mwaka 1996 yakaipindua: kadiri malaria ilivyokuwa kali, ndivyo uzalishaji wa gesi ulivyokuwa mdogo. Mwaka 2003 utafiti mwingine wa watoto wa Tanzania, uliochapishwa katika The Lancet, uliongeza kwamba wenye malaria ya ubongo walikuwa na arginini kidogo katika damu. Chembe nyekundu zinapopasuka nazo hutawanya hemoglobini, ambayo hufyonza nitriki oksidi haraka mno. Ghala likafunguka: damu ya wagonjwa wa malaria kali ina protini nyingi ya von Willebrand, na nyuzi zake zilizojaa chembe sahani huzishika chembe nyekundu zenye vimelea kwenye ukuta wa mshipa. Mwaka 2013 ikagunduliwa pia kwamba vimelea vya malaria kali hujishikiza kwenye kipokezi cha protini C kilichoko juu ya endotheli, yaani kwenye breki nyingine ya kuganda. Mtoto wa Mang'ola, chini kwenye bonde la Eyasi ambako mbu ni wengi kuliko Karatu mjini, akipatwa na malaria kali, anachougua kwa sehemu ni ukuta wa mishipa uliopokonywa vizuizi vyake.

Basi si tumpe gesi? Swali ni la haki, na liliulizwa kwa vitendo. Huko Jinja, Uganda, watoto 180 wenye malaria kali waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakavutishwa nitriki oksidi na wengine hewa ya kawaida, wote wakitibiwa kwa artesuneti. Mbarara walifanya jaribio la namna hiyo kwa watoto wenye malaria ya ubongo. Matokeo yalitoka mwaka 2015: faida iliyotarajiwa haikuonekana. Kilichookoa maisha ya watoto wa Afrika, na kilithibitishwa mwaka 2010 na jaribio la AQUAMAT lililohusisha watoto 5,425 wakiwemo wa Tanzania, ni kubadili kwinini kwa sindano ya artesuneti, ambayo iliteremsha vifo kutoka asilimia 10.9 hadi 8.5. Dawa inayoondoa kinachoharibu ukuta ilishinda gesi inayojaribu kuziba pengo.

Habari ya arginini ni ya kutisha zaidi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2006 kwenye jarida la chama cha madaktari cha Marekani, watu 153 waliotoka kupata shtuko la moyo walipewa ama arginini ama kidonge kisicho na dawa. Waliofariki walikuwa 6 katika kundi la arginini, na hakuna hata mmoja katika kundi la pili. Jaribio likasimamishwa. Idadi ni ndogo, na siwezi kuapa kwamba arginini ndiyo iliyowaua. Lakini kemia inatoa sababu ya kuhofu. Kimeng'enya cha endotheli kinahitaji msaidizi aitwaye tetrahidrobiopterini. Katika mshipa uliochakaa kwa presha, sukari au moshi, msaidizi huyo huoksidishwa, na kimeng'enya kikikosa msaidizi hutoa supaoksidi badala ya nitriki oksidi. Supaoksidi ikikutana na nitriki oksidi iliyobaki huiteketeza na kuzaa peroksinitriti, sumu nyingine. Kuongeza malighafi kwenye kiwanda kilichoharibika namna hiyo si tiba, na chupa inayouzwa haina sentensi yoyote kuhusu hilo.

Sasa twende upande wa pili wa hoja, kwa watu ambao mwendo wao ni mwingi. Katika miaka ya 1960 daktari George Mann wa Marekani alikuja Afrika Mashariki akishangazwa na Wamasai: chakula chao maziwa na nyama, lehemu katika damu chini, ugonjwa wa moyo nadra. Mwaka 1972 alichapisha uchunguzi wa mioyo 50 ya Wamasai waliofariki, na alichokiona hakikuwa mishipa misafi. Kuta za mishipa ya moyo zilikuwa na mafuta na makovu. Ila mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka kadiri umri ulivyoongezeka, hata njia ya damu ikabaki wazi. Mann aliihusisha hali hiyo na ukakamavu wa miili yao. Hakuipima nitriki oksidi, wala asingeweza, kwa kuwa kazi yake mshipani ilikuwa haijajulikana. Sisi tunajua leo, kutokana na majaribio ya wanyama, kwamba mshipa unaopitisha damu nyingi kwa muda mrefu hujipanua, na kwamba ukizuia nitriki oksidi upanukaji huo hupungua. Tafsiri hiyo ni yangu na ni ya kukisia, ingawa inakaa vizuri na ushahidi. Mwaka 2010 watafiti waliowalinganisha Wamasai wa Tanzania na wakulima na watu wa mjini waliona kwamba Wamasai, pamoja na ulaji wao wa mafuta, walikuwa na hali nzuri zaidi ya lehemu, huku kwa siku wakitumia juu ya mahitaji ya msingi kalori karibu mara tatu ya watu wa mjini.

Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanatufundisha jambo lililofichika zaidi. Utafiti wa mwaka 2017, uliotumia vipimo vya mapigo ya moyo, ulionyesha wanafanya shughuli za nguvu ya wastani au zaidi kwa dakika zipatazo 135 kwa siku, na presha kwao ni nadra. Msomaji atasema: tulijua, hawakai. Wanakaa! Kundi hilohilo la watafiti lilionyesha mwaka 2020 kwamba Mhadzabe hupumzika karibu saa 10 kwa siku akiwa macho, sawa na mtu wa ofisini. Tofauti ni kwamba sehemu ya mapumziko hayo ni ya kuchuchumaa au kupiga magoti, na misuli ya miguu inaendelea kufanya kazi kidogo. Linganisha na dereva wa utalii anayetoka Karatu alfajiri, anapita geti la Loduare, anazunguka ukingo wa kreta, anashuka Olduvai na kufika Seronera. Goti limekunjwa, paja limebanwa na kiti, shavu la mguu halina kazi isipokuwa ya kukanyaga moto. Majaribio ya kumkalisha mtu kitini kwa saa 3 hadi 6 yameonyesha kwamba ateri ya mguu hupoteza uwezo wa kutanuka kwa njia ya endotheli, na kwamba kutembea dakika chache katikati au baada ya kukaa huurejesha. Abiria wake, aliyetoka Ulaya juzi kwa ndege ya usiku, anaanza siku akiwa na deni hilohilo.

Najua mapingamizi yanayokuja. La kwanza, kwamba ni nasaba tu: Wamasai wamezaliwa hivyo. Inawezekana nasaba ina sehemu yake. Lakini angalia utafiti wa kiharusi uliochapishwa mwaka 2010 ukilinganisha wilaya ya Hai na Dar es Salaam. Ukisawazisha umri, Hai kulikuwa na wagonjwa wapya 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, Dar es Salaam 316. Pengo kama hilo ndani ya nchi moja haliwezi kuelezwa kwa nasaba pekee. Wala vijijini si peponi: kati ya wazee wa Hai wenye miaka 70 na zaidi, takriban 7 katika kila 10 walikutwa na presha. La pili ni la kitaalamu na lina nguvu: mazoezi makali huongeza protini ya von Willebrand katika damu, hayapunguzi. Kweli kabisa. Adrenalini hufungua vifuko vilevile kwa njia nyingine, na ndiyo sababu mtu asiyezoea kutembea asikurupuke siku moja kupanda Oldonyo Lengai. Ongezeko hilo la protini ni la muda. Mwendo wa kila siku, usio wa kuvunja rekodi, ndio unaokiimarisha kimeng'enya na kuiacha seli imetulia wakati wa kupumzika. La tatu: ukingo wa kreta uko mita zaidi ya 2,200 juu ya bahari, na chembe nyekundu huongezeka kwenye miinuko, kwa hiyo damu ni nzito kwelikweli. Kwa urefu huo ongezeko ni dogo. Na hata kwenye miinuko mikubwa, watafiti walikuta mwaka 2007 kwamba Watibeti wana mazao ya nitriki oksidi katika damu zaidi ya mara 10 ya watu wa chini, na damu nyingi ikipita mkononi. Uzito wa kweli wa damu upo kama ugonjwa, hasa pale uboho unapozalisha chembe nyekundu bila breki, lakini huo hupatikana kwa kipimo cha damu, haukisiwi kwa kichwa kizito.

Aspirini nayo iwekwe mahali pake. Inazuia chembe sahani zisitoe thromboksani. Haigusi NSF, haifungi vifuko, haipunguzi tishu fakta. Kwa aliyekwisha kupata shtuko la moyo, au kiharusi kilichothibitishwa kuwa cha donge, ina manufaa yanayojulikana. Kwa mzee mwenye afya, jaribio la ASPREE la mwaka 2018, lenye watu 19,114, halikupata faida ila kutokwa damu zaidi. Hatari huzidi pale ambapo presha haijapimwa na kiharusi kinaweza kuwa cha mshipa kupasuka. Bitiruti ina hoja bora kuliko aspirini ya kubahatisha: nitreti yake hugeuzwa nitriti na bakteria wa kinywani, kisha nitriki oksidi, na jaribio la London la mwaka 2008 lilionyesha nusu lita ikishusha presha na kupunguza kushikamana kwa chembe sahani kwa saa kadhaa. Kwa saa kadhaa. Mchicha una nitreti pia na bei yake ni ya kijijini, ila anayeuchemsha na kumwaga maji anamwaga na nitreti, na anayesukutua dawa kali ya kinywa kila siku anawaua bakteria wanaofanya kazi hiyo.

Kwa hiyo ningeanza na kipimo cha presha, kwa sababu presha ndiyo mharibifu mkuu wa endotheli na hushushwa kwa dawa za bei ndogo. Kila mtu mzima anayefika hospitali ya Endulen, Mang'ola au hospitali yoyote ya Karatu, hata kwa jino, apimwe mkono na aandikiwe namba yake. Kampuni za utalii ziweke katika ratiba kituo cha dakika 5 za kutembea kila saa mahali wanyama wanaporuhusu, na pasiporuhusu, dereva na wageni wainue visigino na kuvishusha wakiwa vitini. Moshi wa jikoni na wa sigara unateketeza nitriki oksidi kwa supaoksidi ileile niliyoisema, hivyo tundu la moshi katika nyumba ya boma ni tiba ya mishipa. Statini, dawa za kushusha lehemu, huongeza kimeng'enya cha endotheli na KLF2, na katika jaribio la JUPITER la watu 17,802, waliopata donge la vena walikuwa 34 kwa waliotumia dawa dhidi ya 60 kwa wasiotumia, lakini iandikwe na daktari kwa mwenye hatari iliyopimwa.

Na mwenye donge tayari, mguu mmoja umevimba na unauma au pumzi imekatika ghafla, asianze na mchicha wala matembezi. Aende hospitali akapewe heparini au dawa nyingine ya kuzuia kuganda. Akiwekwa kwenye wafarini, mboga za majani zinageuka kuwa jambo la hesabu, kwa kuwa vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa hiyo: asiziache wala asizifakamie, ale kiasi kilekile wiki hadi wiki, na kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kifuatwe kwa tarehe alizopewa, hata kama siku hiyo ni ya mnada.